Mkandarasi mmoja achore, ajenge, alaumiwe yeye

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni fundi ujenzi, nimeshika mwiko miaka mingi, na hili la hospitali za wilaya linanikera kweli. Mnakumbuka 2018/19 serikali ilitoa bilioni 100.5 kwa hospitali 67, yaani bilioni 1.5 kila moja, nyingi zikajengwa kwa fosi akaunti, yaani halmashauri yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapohapo bila kumpa kazi mkandarasi, ramani ni ileile kote. Sasa mahali nilipofanya kazi (sitapataja) udongo ni ule mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka hadi mguu unazama, na msingi kwenye ramani ulikuwa wa kawaida tu. Nikauliza, nikaambiwa fundi fuata mchoro. Mwaka haujaisha ukuta wa wodi ya wazazi una ufa kidole kinaingia, mchoraji anasema mjenzi kalipua, mjenzi anasema mchoro mbovu, na kamati ya kijiji inatazamana tu.

Ndo maana mi naona huko vijijini tujaribu mkataba wa sanifu na jenga, kampuni moja inapima udongo, inachora, inajenga, ukuta ukipasuka hamna wa kusukumiana naye. Fosi akaunti ni rahisi sikatai, na mafundi wa hapohapo tulipata riziki. Ila halmashauri iajiri mhandisi wake wa kukagua, asiyelipwa na mkandarasi, maana anayejichorea mwenyewe anaweza pia kujipunguzia nondo.

Fundi, Shinyanga