Siku ya kupanda mikoko ipangwe na maji, si na mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wanaoandaa siku za kujitolea ufukweni hapa Tanga: shule, ofisi, vikundi vya vijana na wafadhili wanaopenda picha. Nia ni njema. Ila mwaliko unaosema "Jumamosi saa 4 asubuhi" bila mtu kutazama mwezi ni mwaliko wa kwenda kuua miche.

Maji yetu yana saa zake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mpaka kikomo karibu na hiyo saa 4, na tofauti kati ya kujaa na kutoka hupita mita 3. Juma moja baadaye, kwenye maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kutoka kidogo tu, saa 4 ile ile yamejaa. Hapo ndipo wageni wenye fulana mpya husimama juu ya tuta wakimsubiri mgeni rasmi, kisha miche ikachomekwa popote palipo pakavu. Siku nzuri ni ya tatu au ya nne baada ya bamvua. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku hizo hutoka saa 6 na nusu au saa 7 mchana. Jua ni kali, hatubishi, lakini mche unapata karibu juma zima la maji mapole kabla bamvua lingine halijaja kuutikisa.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye mti. Tunaiita yote mikoko, kumbe kila mmoja una mahali pake. Mbele kabisa, unakopigwa na bahari, ni pa mlilana. Nyuma yake, kwenye tope laini, ndipo pa mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama matao. Ukizidi kwenda bara unakutana na muia, halafu mkandaa. Mchu hauna adabu, unaota mbele na unaota nyuma. Wanaojitolea hupenda mkoko tu, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu, nusu mita hivi, wala haihitaji kitalu. Wanauchomeka mbele ya mlilana, kwenye uwazi wa mawimbi, na huko unagandwa na vile vikome vyeupe vinavyokwangua matumbo ya ngalawa. Vikishaujaa unalemewa na kulala. Wengine huuchomeka juu ya majani ya bahari, wakaharibu malisho ya samaki aina ya tafi kwa ajili ya msitu ambao hautaota.

Kabla ya kupanda, tazama miti ya asili iliyo jirani inaanzia na kuishia usawa gani, kisha panda usawa huo huo. Palipokuwa na msitu ukatoweka na hapaoti kitu, uliza kwanza kwa nini, kwa sababu mbegu huletwa na bahari bure. Mara nyingi maji yamezibwa. Kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa, tuta bado limesimama, chumvi inazidi kukolea ndani, na mche wowote utaungua. Kutoboa tuta pale ulipopita mkondo wa zamani, maji yakaingia na kutoka, ni kazi ya watu 30 wenye majembe na makarai, na inaweza kufaa kuliko maelfu ya miche. Haipendezi kwenye picha. Na msiitende kienyeji: shamba lina mwenyewe, na mikoko ni misitu ya hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo kibali kwanza.

Tuseme mahali ni sahihi na mti ni mkoko. Mbegu iliyokomaa ina shingo ya manjano chini ya kikonyo, na ukiigusa inachomoka. Inayong'ang'ania iacheni. Zihifadhiwe kivulini ndani ya gunia lenye unyevu, zisikae juani kwenye pikapu. Siku chache za kivuli pia huzifanya zisiwavutie sana kaa, ambao huzitafuna zikiwa mbichi. Ncha ya kahawia ndiyo inayoingia kwenye tope, theluthi moja ya urefu, ikiwa wima. Usiisokote wala kuigonga kwa jiwe. Tope likiwa gumu, toboa kwa kijiti. Chukueni kamba yenye fundo kila mita 1, na kila fundo lipate mbegu moja. Anayeshika kamba awe mmoja na atembee pembeni, maana kundi likipita katikati linakanyaga mizizi ya mchu inayochomoza kupumua. Kama mmetumia miche ya kitaluni, hesabuni viriba, vile vifuko vya plastiki vya miche, kabla na baada ya kazi. Tumeona ufukwe ukisafishwa asubuhi, na mchana ukaachiwa viriba vyeusi mia mbili.

Visiwani, yaani Toten, Yambe, Ulenge na Karange, kazi ni ya taka, na hapo tatizo ni chombo. Mashua ikijaa watu, magunia hubaki pwani na bamvua linalofuata huyatawanya tena. Pakieni nusu ya watu ambao mashua ingeweza kubeba. Anzeni na vipande vya nyavu na kamba za nailoni, maana ndivyo vinavyozunguka miche na kuing'oa. Mwani uliokauka kwenye mstari wa maji si uchafu, wala mlakasa unaotambaa mchangani kwa maua yake ya zambarau: ndio unaoshika mchanga. Kuupalilia ili fukwe ipendeze ni kualika bahari. Wa Pangani wanalo fungu la Maziwe mbele yao, lililokuwa na miti na leo ni mchanga mtupu. Kasa bado hupanda kutaga pale, na mayai yao huhamishiwa Ushongo, pwani ya bara, yasizamishwe na maji. Kazi hiyo ni ya waliofunzwa: yai likigeuzwa saa chache baada ya kutagwa, kitoto hufa ndani.

Ombi letu kwa waandaaji ni dogo. Mwaliko uwe na tarehe tatu: ya kupanda, ya mwezi mmoja baadaye, na ya mwaka mmoja baadaye, zote zikifuata maji kutoka. Mkishapanda mita 1 kwa 1, zungushieni kamba eneo la mita 10 kwa 10. Ndani yake mna miche 100, kwa hiyo iliyobaki ndiyo asilimia, hata mtoto wa darasa la nne ataihesabu. Tarehe ya pili leteni mbegu za kuziba mapengo na visu vya kukatia nyavu. Gari la muziki si lazima.

Wasomaji wenu,
Tanga