Shukrani kwa jirani wa Longyearbyen

Kwako uliyepita Longyearbyen, mji wa Norwei kisiwani Spitsbergen, karibu na Ncha ya Kaskazini, ukang'oa mbao zilizoziba uvungu wa nyumba yetu, ukaondoka bila kutaja jina: asante sana. Wageni huziba uvungu wakidhani wanazuia baridi. Kumbe baridi hiyo ndiyo inayoishikilia nyumba! Ardhi ya hapa imeganda mwaka mzima; kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu, kama mita moja hivi. Ndiyo maana nyumba husimama juu ya nguzo, upepo upite chini. Ukiziba, joto la sakafu linashuka, barafu ya udongoni inayeyuka, nguzo zinadidimia upande mmoja, milango inaanza kukwama. Kuirekebisha ni gharama hasa. Na misumari yote umeipinda, mtu asijichome.