Kinga ya binti isiishie kwenye sare ya shule

Ndugu Mhariri,

Nimefundisha darasa la saba kwa miaka mingi. Kila matokeo yanapotoka najua ni mabinti gani watakaoposwa. Sipigi ramli: ni wale ambao majina yao hayamo kwenye orodha ya kidato cha kwanza.

Binti akiwa shuleni, Sheria ya Elimu ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa 2016, inamlinda kwelikweli. Kumwoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30, na wazee wanaijua hiyo 30 kuliko wanavyojua tarehe ya kufungua shule. Wanaiogopa, kwa hiyo wanasubiri.

Akishamaliza, anaangukia Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 13 kinataka mwanamume awe na miaka 18, ila msichana 15 inatosha, na mahakama inaweza kumruhusu hata wa 14. Kifungu cha 17 kinadai ridhaa ya baba, au ya mama ikiwa baba amefariki. Kanuni ya Adhabu nayo inasema kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, isipokuwa kama ni mkeo na ametimiza 15. Yaani jambo ambalo jana lingekupeleka jela, leo cheti cha ndoa kinalihalalisha. Halafu tunayo Sheria ya Mtoto ya 2009, inayosema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto!

Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, aliyapeleka haya Mahakama Kuu, na Julai 2016 ikaamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha, ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Baadaye tukaambiwa maoni ya wananchi yanakusanywa, kana kwamba mahakama ilikuwa imetoa ushauri tu. Wabunge wetu waviguse vifungu hivyo viwili, na ile "isipokuwa" ya Kanuni ya Adhabu iondoke navyo.

Mzazi mmoja aliwahi kuja ofisini kuniuliza jina la bintiye litatoka lini kwenye daftari la mahudhurio. Posa ilikuwa imeshapokelewa. Nikamwambia mtoto bado ni mwanafunzi, jina halitoki.

"Haina shida, mwalimu," akasema, "tutasubiri matokeo."

Mwalimu, msomaji wako