Mhariri, tuandikieni fizikia ya ziwani kabla vuli haijaanza

Ndugu mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza, nina ombi moja tu kwa gazeti lenu ila naomba mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Vuli iliyopita tulikuwa ziwani watu 4, giza limekaa vizuri, taa zimewaka na dagaa ndio kwanza wanaanza kupanda. Upande wa Ukerewe pakamulika. Vijana wangu wakasema mzee ile bado iko mbali, tuvute hii moja tu. Mimi nikaanza kuhesabu sekunde kimoyomoyo, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, nikafika 24 ndio ngurumo ikasikika, 24 gawa kwa 3 unapata 8, basi radi imepiga kilomita 8 kutoka pale tulipo. Baada ya dakika chache pakamulika tena nikahesabu nikaishia 15, yaani imeshakuwa kilomita 5 na inakuja. Nikasema pandisheni wavu hivyo hivyo, tunaondoka. Tulifika nchi kavu upepo umeshatukamata na mvua inatupiga usoni, na tumeshaburuza mtumbwi juu ndio radi ikapasuka pale pale mwaloni, mwanga na mlio kwa pamoja. Yule kijana aliyekuwa anabisha akaniuliza, mzee ulijuaje?

Nilijua kwa sababu nikiwa darasa la sita mwalimu wetu alitutoa nje mpaka ufukweni, akamtuma mwenzetu mmoja aende kule mbali kwenye mawe na debe na fimbo. Tukawa tunaona fimbo inashuka kwenye debe kimyaa, mlio unafika wakati mkono umeshapanda juu tena. Sijasahau mpaka leo na nina miaka 51.

Watu wengi hapa mwaloni wanaamini ule mmuliko ni kitu kimoja na ngurumo ni kingine kinachofuata nyuma. Hapana, vimezaliwa pamoja. Radi inaipasha hewa joto hadi karibu nyuzi 30,000, hewa inatanuka kwa kishindo na kile kishindo ndio ngurumo. Sasa mwanga unakimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde moja, huo unafika hapo hapo, sauti yenyewe inajikongoja mita 340 hivi kwa sekunde, ndio maana kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ukihesabu ukapata 30 au pungufu, hiyo ni kilomita 10 kushuka chini, usingoje mvua ikufikie kwa sababu radi inaweza kupiga mbali na wingu lake, geuza mtumbwi. Na ukishafika nchi kavu usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Kwanini sauti iende polepole hivyo? Panda daladala iliyojaa, dereva akiondoa gari ghafla wa mbele anamsukuma wa nyuma yake na yule anamsukuma mwingine, msukumo unasafiri mpaka mwisho wa gari ila kila mtu kabaki pale pale aliposimama. Hewa inafanya hivyo hivyo, chembe inasukuma chembe, kwahiyo pasipo na hewa wala maji wala kitu kigumu hakuna sauti kabisa. Mwanga hauhitaji kitu cha kuusukuma, wa jua unapita kwenye utupu dakika 8 hivi mpaka unatufikia.

Alafu kuna jambo linalonifurahisha sana mimi mtu wa maji. Vikiingia majini hivi viwili vinabadilishana tabia, mwanga unapunguza mwendo mpaka kama kilomita 225,000 kwa sekunde na sauti inaongeza, kwenye ziwa letu hili inakaribia mita 1,500 kwa sekunde. Mwaka 1826 kule Uswisi kwenye ziwa Geneva, mwanafizikia Jean-Daniel Colladon alilipima hilo kwa mitumbwi miwili usiku, mmoja unagonga kengele chini ya maji na papo hapo unawasha baruti, wa pili uko mbali zaidi ya kilomita 13, anayeuona mwanga anaanza kuhesabu mpaka kengele imfikie kwenye mrija uliozamishwa majini. Akapata mita 1,435 kwa sekunde, ni pungufu kidogo kwa sababu maji yao yana baridi. Yaani ni kuhesabu kule kule kwangu kwa radi, na vifaa vyake vingi hata hapa kwetu vipo.

Kingine, sauti ya hewani ikigonga uso wa maji karibu yote inarudi juu, ndio maana mnaweza kupiga stori kwenye mtumbwi na dagaa wametulia kwenye taa, ila angusha ndoo kwenye mbao uone wanavyotawanyika.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi nimemkuta anakariri mambo ya mawimbi kwa Kiingereza, anayamwaga yote bila kukosea, nikamuuliza sasa mama hiyo maana yake nini akanyamaza. Nikamchukua mpaka kwenye maji nikachomeka kafi, nikamwambia tazama hapo lilipoingia. Akasema baba mbona limevunjika? Akalitoa, akaliona zima, akalirudisha, mara tatu nne. Nikamweleza mwanga ukitoka majini unapinda, ndio maana ukitazama kutoka juu maji ya mita 1 unayaona kama ya sentimita 75 na watoto wanajirusha wakidhani watasimama. Siku hiyo aliniuliza maswali mpaka chakula kikapoa.

Ombi langu mhariri, tengeni kona hata robo ukurasa kila wiki, mambo haya yaelezwe kwa Kiswahili na kwa mifano ya huku ziwani, mwanafunzi asome na baba yake mvuvi asome. Na mkianza anzeni na hili la kuhesabu radi, mvua za vuli hazipo mbali na huku kwetu usiku mitumbwi ni mingi ziwani.

Mvuvi wa dagaa,
Igombe, Mwanza