Naandika kuhusu sidiria

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu sidiria. Najua si neno la kuanzia barua kwa mwanamume wa miaka 61 mwenye wajukuu, tena anayeswali safu ya mbele, lakini ndilo lililonifanya nishike kalamu, na nikianza kuzunguka nitapotea njia. Nipe nafasi niseme kifundi.

Nina cherehani ya miguu hapa Ngamiani, Barabara ya 9, tangu mwaka 1987. Nimeshona kanzu, sare za shule, mashela ya maharusi na mapazia ya nyumba nzima nzima. Sidiria sikuwahi kushona hadi miaka mitatu iliyopita, mke wangu alipoondolewa titi la kushoto.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo haya mengine yatakuwa majigambo. Alikihisi mwenyewe akioga, kitu kama mbegu ya ukwaju, upande wa kwapa. Akaniambia usiku uleule. Nikamuuliza, kinauma? Akasema hakiumi. Nikamwambia kama hakiumi si kitu, nikageukia ukutani nikalala. Baadaye daktari alinieleza, mke wangu akisikia, kwamba uvimbe wa saratani ya matiti mara nyingi hauumi mwanzoni, na kutouma huko ndiko kunakowachelewesha wengi. Wakati huo mwezi wa saba ulikuwa umeshapita. Tulikuwa tumepaka mafuta ya habasoda, tumekunywa kombe, tumekwenda kwa mzee mmoja aliyetuambia ni jicho la jirani. Jirani huyohuyo, masikini, ndiye aliyekuja kutuletea uji kila asubuhi mke wangu alipokuwa hawezi kusimama. Ile mbegu ya ukwaju ilishakuwa ndimu.

Hatua za hospitali nitazipita haraka, aliyezipitia anazijua. Tulikatwa kinyama cha kupima, tukasubiri majibu, karatasi ikapotea, tukaanza upya. Ukaja upasuaji, kisha dripu za kemo kila baada ya siku 21, mara sita, kisha mionzi Ocean Road, Dar es Salaam. Ni kilomita 350 hivi kutoka hapa. Basi la alfajiri stendi ya Kange, Muheza bado giza, chai Segera, na ukifika Chalinze umeshachoka kabla mgonjwa hajachoka. Mionzi hupigwa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, kwa hiyo hakuna kwenda na kurudi. Tulijibanza kwa shemeji yangu Mbagala.

Jengo la zamani la pale ni la enzi za Mjerumani, linatazama bahari, na tangu 1996 ni taasisi kamili ya saratani. Upepo wake ni uleule wa Raskazone, nilikuwa nikifumba macho najiona nyumbani. Lakini kwenye mabenchi yale wanaume tuliowasindikiza wake zetu tulikuwa wa kuhesabu. Wanawake walikuja na dada zao, mabinti zao, mama zao. Siku ya nne mama mmoja akaniuliza kwa heshima zote, 'Samahani baba, wewe ndiye dereva wao?'

Ndugu Mhariri, mimi nilikuwa mtu wa neno moja. Kila mke wangu alipoanza kusema habari ya kifo, au watoto wataishi vipi, nilimwahi: 'Utapona tu, inshallah.' Nilidhani ndiyo kumtia moyo. Usiku mmoja baada ya dripu ya tatu akanitazama akasema, 'Baba, hilo utapona lako ni kifungo. Wanifunga nalo mdomo.'

Nikanyamaza. Kisha nikamwambia, haya, sema.

Akasema mpaka adhana ya alfajiri. Vyombo vya kaure vya marehemu mama yake apewe mdogo wake. Azikwe kwao Pangani. Nikioa, nisioe mwanamke wa mtaa huuhuu, na hapo tulicheka hadi mjukuu akaamka. Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza tangu dripu zianze, aliniomba chakula kwa jina lake: mkate wa kumimina. Sikuwahi kuupika. Niliuunguza chini, juu ukabaki mbichi, akala vipande viwili vya katikati. Sasa naupika vizuri kuliko yeye, ingawa hilo hatalikubali mbele za watu.

Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto nilimnyoa mwenyewe, kwa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi. Na mkono wa upande uliopasuliwa ulipokuwa haunyanyuki, nesi alimfundisha kusimama mbele ya ukuta na kutembeza vidole kwenda juu, kama kaa anayepanda mkoko. Tukafanyia dukani, kati ya alasiri na magharibi. Pale vidole vilipofika napiga mstari kwa chaki ya kukatia nguo, naandika na tarehe. Mstari wa kwanza ulikuwa usawa wa kidevu. Ulipofika usawa wa sikio ulikaa hapohapo siku tisa, na siku hizo tisa nilishona vibaya kila nguo. Siku ya kumi ukapanda vidole viwili. Mistari ile bado ipo. Kabla ya Idi alikuja mpaka rangi, nikamwambia ukuta ule auache ulivyo. Akaniona nimechanganyikiwa.

Sasa sidiria. Alipopata nafuu tulialikwa harusi Chumbageni. Alijaza kitu upande wa kushoto, akavaa, akapendeza. Katikati ya ngoma kile kitu kikaanza kupanda, kikafika shingoni. Akajifunika mtandio, akarudi nyumbani kabla ya biriani. Hakulia. Alikichomoa, akakitupa mezani kwangu, na kumbe ni soksi ya mjukuu. 'Fundi mzima ndani ya nyumba,' akasema, 'na mimi natembea na soksi kifuani.'

Maneno hayo yalinichoma kuliko ya madaktari wote. Miezi yote ile nilikuwa nikiuliza nifanye nini, na kazi ilikuwa mkononi mwangu.

Ya kwanza niliikata kama kofia: duara la kitambaa cha pamba, unatoa pembe moja, unaunganisha, linasimama. Nikajaza sufi ya mto. Umbo zuri, lakini jepesi, na chepesi hupanda. Tena mwili uliozoea uzito pande mbili hulemea upande mmoja, bega likashuka na mgongo ukaanza kumsumbua. Ya pili nikatia mtama. Uzito ukapatikana. Ila Mhariri unalijua joto la Tanga na jasho lake. Wiki ya tatu fukusi wakaanza kutoka. Tulicheka, lakini kicheko cha kuchoka.

Jioni moja akaniletea kanga iliyokunjwa. Ndani mlikuwa na shanga zake. Wasomaji wa bara sitawaeleza shanga hizo huvaliwa wapi, na wa pwani hawana haja ya kuelezwa. Hakuwa amezivaa tangu augue, wala mimi sikuwahi kuuliza. Akachukua mkasi, akakata uzi mwenyewe, zikamwagika kwenye bakuli kwa ule mlio wake. 'Zinalala tu sandukuni,' akasema. 'Zipe kazi.'

Nikazishonea kifuko chake, nikakifunga katikati ya sufi. Akasimama mbele ya kioo cha kabati. Ongeza. Ongeza kidogo. Hapana, hiyo nyingi, punguza. Hapo. Aliposema 'hapo' mabega yake yalikuwa sawa kama mizani ya sonara.

Kwa mafundi wenzangu, niseme machache. Usiweke kitu chochote kabla kidonda hakijapona kabisa na nesi hajaruhusu. Mshono uangalie nje, usiguse kovu. Lastiki ya chini iwe pana, vidole viwili, kwani nyembamba hukata. Ndani shona mfuko wenye mdomo wa pembeni, ili kitu kisihame na kiweze kutolewa kufuliwa. Shanga hazilali na maji, unafua leo, unavaa kesho.

Kumbe mke wangu alimwonyesha mtu. Akaja mama mmoja wa Makorora, akaja na mwingine kutoka Pangani, na leo daftari lina majina 14. Vipimo anachukua mke wangu chumbani, mimi napewa karatasi tu. Kupima ni dakika kumi, lakini wao hukaa humo saa nzima. Wanazungumza nini siulizi. Mmoja alipoingia alikuwa hajatoka nyumbani kwake miezi minne. Baada ya muda nikasikia kupitia ukuta kicheko cha watu wawili, kile cha jikoni kwenye harusi, nikasimamisha cherehani nisikilize.

Nisikudanganye lakini. Kati ya hao 14, wawili wametangulia mbele ya haki. Wa pili, baada ya arobaini alikuja binti yake na kifurushi. Ndani sidiria mbili nilizomshonea mama yake, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Mama aliagiza apewe mwingine. Siku mbili sikukanyaga cherehani. Ya tatu nikafumua upande mmoja, nikapunguza, nikampelekea mtu wa Mikanjuni aliyekuwa akisubiri.

Na mke wangu mwenyewe bado yumo safarini. Anameza kidonge kila siku, na daktari amesema si chini ya miaka mitano. Kila kliniki ikikaribia, usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna anayelala, kila mmoja akijifanya amelala ili asimwamshe mwenzake. Lakini majuzi alipanda mwembe uani. Nilimuuliza mwembe huo utazaa lini, akanijibu, 'Wewe mwagilia.'

Kwenye baraza letu la kahawa watu bado husema 'maradhi yale'. Mimi nasema saratani ya matiti, kwa sauti ileile ninayoagizia kashata. Mgosi mmoja akanikata: hayo mambo ya wanawake, fundi, tuachie. Nikamwambia katika wagonjwa 100 wa saratani hiyo, mmoja hivi ni mwanamume. Mkono wake ukapenya taratibu ndani ya kanzu kujipapasa, kahawa ikampoa kwenye kikombe. Mkewe aliletwa kwa mke wangu wiki iliyofuata aonyeshwe jinsi ya kujikagua, naye ndiye aliyemleta. Alikaa na mimi dukani akingoja, akisoma gazeti lako juu chini.

Kila Oktoba, Ndugu Mhariri, magazeti huvaa utepe wa waridi, na ikifika Novemba unavuliwa. Mbegu ya ukwaju ya mke wangu ilionekana mwezi wa Februari. Kwa hiyo barua hii ukiipenda, itoe mwezi wowote ule, usiiweke akiba.

Na ukiitoa, niongezee tangazo dogo mwishoni. Mke wangu keshaisoma, ameniita mpuuzi, kisha akaniambia nisisahau hili. Sufi ninayo ya kutosha hadi Ramadhani. Shanga ndizo zimeniishia. Mama yeyote mwenye shanga zilizokatika uzi, za rangi yoyote, asizitupe. Anitumie na mtoto, Barabara ya 9, duka lenye mistari ya chaki ukutani.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga