Bawa la tetere

Mwanangu,

Picha ya yule tetere aliyejenga kiota kibarazani kwako nimeipata na nimeikuza mpaka nikaona kila unyoya. Kusema kweli umeipatia, jicho limekaa kwenye fokasi barabara, mwanga wa asubuhi umempiga ubavuni, mi mwenyewe ilinichukua miaka kupata jicho kali namna hiyo. Sasa nataka nikwambie kitu afu usinune. Ifungue tena uangalie bawa la kushoto, umeona lilivyoinuliwa? Uliandika "mama ananipungia mkono" nikacheka peke yangu kama mwehu, baadaye nikaiangalia tena kicheko kikaisha. Tetere akiwa kwenye kiota akainua bawa hivyo anajiandaa kukuzaba kibao, ndo silaha yake hiyo, maana mdomo wake wala hauumizi mtu. Angalia na manyoya yalivyobana mwilini, shingo imesimama wima. Huyo anaogopa, mwanangu, anaogopa sana, hajaruka tu kwa sababu makinda yako chini yake.

Ulisimama umbali gani? Usinidanganye, hiyo ni simu na lenzi yake naijua, hapo ulikuwa umenyoosha mkono tu.

Sikugombezi. Ningekugombeza vipi wakati mi nilifanya baya zaidi. We ulikuwa hujazaliwa, ndo kwanza nimepata kamera yangu ya kwanza, ndege wanaoitwa shore wakajenga kiota kwenye kichaka pembeni ya dirisha. Shida majani yalikuwa yanatia kivuli, picha zinatoka na mabaka meusi, nikaenda nikachukua mkasi nikakata vijitawi vitatu. Vitatu tu, nikajiambia nani ataona. Picha zikatoka kama nilivyozitaka, midomo mitatu imeachama na mzazi ameshika mdudu. Kesho yake asubuhi kiota kitupu, kunguru yuko juu ya ukuta anafuta mdomo wake taratibu, huku na huku, kama mtu aliyetoka kula. Vile vijitawi ndo vilikuwa vinawaficha. Ile picha ninayo mpaka leo, na ni kali kweli, lakini sijawahi kumwonyesha mtu, we ndo wa kwanza kuisikia.

Basi sasa sikiliza, kwa hapo ulipofikia bado mambo hayajaharibika. Tetere kawaida anataga mayai mawili, analalia kama wiki mbili hivi, afu makinda wanakaa kiotani karibu wiki mbili nyingine. Kwenye picha yako manyoya yanaanza kuchomoza kama vijiti, nakadiria wana siku saba nane. Na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani kinda akikua hatari inapungua, wakati kumbe huu ndo umri wa kuwa naye mbali, maana wakishapata nguvu ya miguu ukiwashtua wanaruka kabla mabawa hayajawa tayari, wakianguka chini hapo ni paka au kunguru. Kwa hiyo kibarazani usitoke kwanza. Ule mmea kwenye chungu ukinyauka acha unyauke, utachipua tena.

Najua utasema sasa nitapigaje picha. Utapiga ukiwa ndani, dirisha lako ni kibanda cha kujificha tayari, wengine wanabeba mahema mgongoni kwenda kutafuta hicho hicho. Zima taa ya chumbani, vuta pazia ubakize upenyo mdogo, afu iegemeze lenzi ya simu kwenye kioo kabisa kabisa isibaki nafasi, ukiacha nafasi utapiga uso wako mwenyewe. Kioo kifute kwanza lakini kwa upande wa ndani tu! Na usivute kwa zumu ya simu, ile ikishapita uwezo wa lenzi inakata picha na kuitanua basi, unapata matope. Kaa na ile darubini niliyokupa, ile iliyoandikwa 8x42, maana yake inasogeza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, ukiituliza vizuri juu ya kitu unaweza kuweka simu kwenye tundu la kuchungulia na ukapata picha ya maana. Mwanzoni utaona duara jeusi tu, utatukana, endelea kusogeza kidogo kidogo.

Halafu kuna mambo utayaona ukiwa umetulia ambayo kwa kusogea usingeyaona asilani. Kwa njiwa na tetere wengi, dume na jike wanapokezana kulalia, dume anashika zamu ya mchana na jike anashika usiku, ukikaa asubuhi na alasiri unawakuta wanabadilishana, mmoja anatua, wanatazamana kidogo, mwingine anaondoka bila kelele. Na chakula cha makinda siku za mwanzo ni maziwa, ndiyo maziwa, yanatengenezwa kwenye gole, kile kifuko cha chakula kooni, na baba anayatoa sawa na mama. Kinda anaingiza mdomo ndani ya mdomo wa mzazi na wote wawili wanatikisika kama wana degedege. Hiyo picha mi sina. Nimeitafuta, kila nikiipata kichwa kimetikisika na imetoka ukungu. We una kiota mbele ya dirisha na unaniletea bawa la hasira.

Kuhusu lenzi ya 600mm uliyoomba, ile ndefu ya kupiga vya mbali, sijakataa, nimesema tusubiri. Lenzi nyingi za namna hiyo hazishiki kitu kilicho karibu sana, kwenye hicho kidirisha chako utakuwa unapiga ukuta wa mbele. Mwaka 1892 kuna ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota kikiwa na mayai yake, na hayo makamera yao yalikuwa masanduku ya kubeba begani. Unajua baadaye walifanyaje ili ndege wasishtuke? Walitengeneza ng'ombe. Ngozi ya ng'ombe kabisa, ndani wazi, mmoja anaingia na kamera anachungulia kwenye tundu, ndege wanamwona ng'ombe tu amesimama malishoni. Mi kila nikikumbuka hiyo stori pazia langu naliona anasa.

Ukitaka kupiga wa karibu bila kumfuata mtu kiotani, weka sahani pana ya maji upande mwingine wa nyumba, mbali na hao tetere, kina kisizidi vidole viwili, maji ubadilishe kila siku yasizae mbu. Chomeka kijiti kikavu pembeni yake, kwa sababu ndege wengi hawashuki moja kwa moja, wanatua kwanza wanakagua, hapo kwenye kijiti ndo unawapata, na ukihakikisha nyuma ya kijiti hakuna kitu cha karibu picha inatoka safi, nyuma laini. Kwa kamera yangu ukija nitakupa, anza na kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde kwa aliyetua maana hata akitua hatulii, anayeruka 1/2000, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, chengachenga zikitokea kwenye picha utazisafisha, jicho lililotikisika hulisafishi. Shorewanda wakija kuoga usiwadharau eti wako kila mahali. Hao wa kila mahali ndo wa kujifunzia, unampiga mara mia hakunyimi kesho.

Sauti za ndege za kwenye simu, zile za kuwaita, usiwachezee kipindi hiki cha viota, wanadhani kuna mgeni anataka eneo lao, wanaacha kulisha wanaenda kupigana na sauti. Na ile picha ya bawa nakuomba usiirushe mtandaoni, wenzako wataipenda na kesho kila mmoja atakuwa kwenye kiota chake na mkono umenyooka. Ifiche mahali pamoja na yangu.

Niandikie wakianza kusimama ukingoni na kupigapiga mabawa, zitakuwa zimebaki siku chache. Wakishaondoka wenyewe, subiri siku mbili tatu uone kama hawarudi, afu toka nje unipigie hicho kiota kitupu, kisogelee unavyotaka.

Mama yako