Mkoani hadi Kigomasha, lakini si kwa siku tatu

Kikwajuni, Jumapili baada ya laasiri

Shoga yangu wa moyo,

Asalaam aleikum warahmatullah. Huku sote wazima, alhamdulillah, na mama mkubwa keshaanza kula. Mengine baadaye, maana hili limenikaa rohoni tangu wifi yako aliposhuka bandarini na kunambia kuwa umenunua raba na unataka kwenda kwa miguu kutoka Mkoani, kusini ya Pemba, hadi mnara wa taa wa Kigomasha kule ncha ya kaskazini, peke yako, kwa siku tatu.

Peke yako sina neno. Umri pia sina neno. Yule bibi wa Kimarekani unayemtaja kila mara, Emma Gatewood, alikuwa na miaka 67 alipoimaliza njia ya miguu ya milima ya Appalachian huko kwao mwaka 1955, zaidi ya kilomita 3,000, bila mwenzake. Ila ujue kuwa mwaka mmoja kabla alijaribu akashindwa mapema, akapotea, na miwani ikavunjika. Chukua miwani ya pili. Neno langu liko kwenye hizo siku tatu.

Mkoani hadi Chake ni kama kilomita 30, Chake hadi Wete karibu vivyo hivyo, na bado Konde na msitu wa Ngezi. Siku ya kwanza utaiweza, na hapo ndipo utakapodanganyika. Misuli iliyochoshwa haiumi siku ile ile. Huanza kuuma kesho yake na huzidi siku ya pili na ya tatu. Katika umri wetu mwili bado unajijenga, lakini unataka muda. Kwa hiyo siku sita. Siku ya kwanza ishia Mtambile, hata miguu ikidai zaidi. Toka pakishapambazuka, saa nne uwe kivulini, rudi njiani baada ya laasiri. Ukipumzika dakika kumi kila saa, asubuhi utapata kilomita 12, jioni tano. Basi. Na iwe kipupwe, Juni hadi Agosti, si masika wala jua la kaskazi.

Sasa hizo raba. Umezinunua saa ngapi? Kiatu cha safari hujaribiwa jioni, mguu ukiwa umevimba, na soksi utakazovaa. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa dole gumba, la sivyo kwenye miteremko kucha zitagonga na kuwa nyeusi. Malengelenge hutokana na joto, majimaji na msuguano vikikutana, kwa hiyo badili soksi adhuhuri, anika za asubuhi juu ya begi, na paka mafuta ya mgando vidoleni na kisiginoni kabla ya kutoka. Pahali pakianza kuwaka, simama hapo hapo ubandike plasta. Usiseme nitafika kwanza. Lengelenge likishajaa maji na linakuzuia kukanyaga, toboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua, na ngozi ya juu usiibandue.

Magoti hayaharibiki kwenye kupanda, huteswa kwenye kushuka, na Pemba unaijua, kilima baada ya kilima. Misuli ya paja ndiyo breki. Simama kwenye ngazi, shusha mguu mmoja polepole huku ukihesabu hadi tano, mara kumi kila upande, siku tatu kwa wiki. Bakora mbili ni bora kuliko moja, za urefu unaokuacha kiwiko kimekunjika pembe mraba. Begi lisipite kilo sita pamoja na maji. Kanga mbili zinatosha: shuka, taulo, kivuli, zote ni hizo.

Maji ni nusu lita kwa saa, lakini usinywe maji matupu kutwa, yanapunguza chumvi mwilini. Chupa moja ichanganye: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Madafu mazuri, ila chumvi yake ni ndogo. Na dawa yako ya presha, kama ni ile ya kukojoza, muone daktari kabla ya kuondoka; usiiache mwenyewe. Vidonge vya maumivu usivimeze kila asubuhi kama kinga, mwili ukiwa mkavu vinaumiza figo. Kifua kikibana, safari imekwisha hapo hapo, tafuta gari uende hospitali.

Barabarani tembea kulia, magari uyaone yakija. Kila unapolala, sheha ajue. Simu ya kitochi inakaa na chaji kuliko hiyo kubwa. Nipigie saa nne na baada ya magharibi. Isha ikipita kimya, tutaanza kukutafuta kutoka pale ulipopiga mwisho.

Narudi kwenye siku ya pili, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Jipe wiki 12. Anza na kilomita tano, ongeza kidogo kidogo, na kila wiki ya nne punguza. Mwisho ujipime: Jumamosi 12, Jumapili 12, begi mgongoni. Jumatatu ukishuka ngazi bila kushika ukuta, nenda, na mimi mwenyewe nitamtuliza mama mkubwa.

Hebu nijibu. Raba hizo ni namba ngapi, na mguu wako ulipimwa lini? Dawa ni ipi hasa? Utalala kwa nani Mtambile, na Konde je? Ganzi ya nyayo uliyoilalamikia Ramadhani imeisha, na sukari ulipima? Watoto umeshawaambia, au wamesikia kwa watu kama mimi? Wifi yako anarudi Jumatano na soksi jozi tatu nilizompa. Mpe majibu kwa maandishi, yeye akihadithia anapunguza.

Shoga yako